Wamama wenye kazi na watoto wadogo, nyinyi hupumulia wapi?

MamaWatatu_Lanet

Habari zenu wamama, na wababa pia kama mko humu. Hii nimeandika nikifuta nikiandika tena tangu jana usiku, naomba mnisomee hadi mwisho.

Niko Nakuru, naishi Lanet, kazi yangu ni ya kaunta kwa duka moja la vifaa vya ujenzi hapo tauni. Watoto ni watatu, wa kwanza msichana ako Gredi ya 5, wa pili kijana Gredi ya 2, na kitinda mimba ana mwaka mmoja na miezi minne, bado ananyonya usiku. Mzee wangu anaendesha lori, anaenda Malaba mpakani anarudi, kuna wiki inaisha hajalala nyumbani hata siku moja, kwa hivyo nyumba ni mimi. Naamka saa kumi na nusu, naweka maji ya kuoga, uji, chai, napakia chakula cha shule, gari ya shule inapiga honi saa kumi na mbili na hapo hapo mdogo ameamka anataka kubebwa, na dada wa kazi aliondoka mwezi jana kwa hivyo nampeleka deikea kwa mama mmoja hapa karibu halafu nakimbilia matatu, saa mbili niko kaunta na ni kusimama mpaka jioni. Nikirudi ni daiari ya shule, ni kutafuta maboksi na vifuniko vya chupa vya kutengenezea sijui nini cha mwalimu, ni ugali, ni vyombo, ni yunifomu. Kitanda nakiona saa tano, saa nane mdogo ananiamsha.

Sasa kilichonifanya niandike. Jumanne asubuhi huyu wa pili alimwaga uji. Kile kikombe cha plastiki cha bluu kilimteleza tu mkononi, uji ukapita juu ya meza ukadondokea kiatu ambacho nilikuwa nimekipaka rangi usiku. Nilipiga kelele hadi mimi mwenyewe sikuitambua hiyo sauti. Na mtoto hakulia. Aliinua mkono akaficha uso, vile mtu hujikinga, na mimi sikuwa hata nimeinua mkono. Halafu akachuchumaa akaanza kufuta kiatu na mkono wa sweta yake, anasema tu pole mami, pole mami. Huo mkono wake vile aliuinua ndio unanitembea akilini wiki nzima, nikiwa kaunta nauona, nikilala nauona.

Sasa tafadhali msiniambie nisafiri Diani ama niende mahali pa kukandwa mwili, sina hiyo pesa na sina hiyo siku. Nataka vitu vidogo, vya dakika tano, kumi, vitu nyinyi wenyewe mnafanya na mmeona vinasaidia. Kila jioni kichwa kinauma huku nyuma ya shingo na mabega yamekaza kama nimetoka mtoni na mtungi. Asanteni.

nyar_dunga

Pole sana dadangu. Pole tena. Mimi niko Kisumu, nakaanga samaki jioni hapa Kondele, watoto wawili, na baba yao hayuko, kwa hivyo hiyo "nyumba ni mimi" naijua kabisa.

Nikuambie kitu kilinisaidia kuliko vyote, na hakina gharama. Nilikuwa nafika nyumbani na moto wote wa siku nzima, huyu mteja amekopa, yule ametaka tilapia wa mia mbili kwa mia, mafuta yamepanda, sasa nafungua mlango nikiwa hivyo hivyo na mtu wa kwanza kuniambia "mama" ndiye anachomeka. Mtoto hana makosa, amekupata tu ukiwa umejaa. Siku hizi nashuka boda mahali kuna kanisa, kabla ya nyumbani, natembea hizo dakika saba au nane na simu iko kwa mkoba. Sisomi meseji, sipigii mtu. Naangalia tu barabara, naangalia mti, kama kuna mtu namjua namsalimia napita. Nikifika kwa mlango naweka mkono kwa kitasa nangoja kidogo ndio niingie. Kitu kidogo hivyo, na watoto wangu ndio walikuwa wa kwanza kuniambia mama siku hizi hauingii na hasira.

Usiku wakishalala naweka maji ya moto kwa beseni na chumvi kidogo, natia miguu. Miguu ya mtu anayesimama siku nzima inavimba, na ukiitia maji moto mwili wote unashuka, hata mabega. Zamani hiyo saa nilikuwa nashika simu, nasema napumzika, naingia TikTok saa nne nikitoka ni saa saba na macho yamewaka, usingizi umekimbia. Ile haikuwa kupumzika mama, nilikuwa tu nimebadilisha kelele. Simu sai nailaza jikoni.

Na Jumapili moja moja nawapeleka Dunga, tunakaa tu pale karibu na mafunjo tunaangalia ndege na maboti, tunanunua mahindi choma tunarudi. Maji yako na kitu yanafanyia kichwa, siwezi kueleza.

Lakini hiyo ya uji. Mimi nikikosea mtoto namwomba msamaha. Nilikuwa nadhani mzazi akiomba msamaha heshima inaisha, na nimelelewa hivyo. Siku moja nilimtukana mkubwa wangu juu ya mkungu wa ndizi ulioanguka kutoka kichwani mwake, usiku sikulala, asubuhi nikampigia magoti nikamwambia jana nilikuwa nimechoka na nimekosea, si wewe. Aliniangalia akaniambia "sawa mama" akaendelea kuvaa soksi. Hajanidharau hata siku moja tangu hiyo. Mwambie. Usimwache akiamini kosa lilikuwa lake.

Sista_Ilesi

Mama Lanet, mimi ni muuguzi, kliniki ya mama na mtoto, upande wa Kakamega. Wamama kama wewe naona kila siku, wanaleta mtoto chanjo, unamwuliza "na wewe mama uko aje" anaanza kulia kabla hajajibu.

Kwanza hayo mabega. Mwili ukiona hatari, hata kama hatari yenyewe ni honi ya gari ya shule, unamwaga homoni za kukimbia au kupigana, moyo unaenda mbio, misuli ya shingo na mabega inajikaza. Hatari ikiisha inafaa ilegee, lakini yako haiishi, inaanza saa kumi na nusu inaenda hadi saa tano. Ndio maana kikombe kimoja kinaangukia mahali tayari pamejaa.

Kitu cha haraka ni pumzi. Vuta hewa kwa pua ukihesabu nne, toa polepole ukihesabu sita, kama mtu anapuliza uji kwa kijiko bila kuumwaga. Ukivuta hewa moyo huongeza mwendo kidogo, ukiitoa hupunguza, kwa hivyo ukirefusha kutoa unauambia mwili hatari imepita. Fanya mara kumi, haifiki dakika mbili. Unaweza kuifanya kaunta mteja akihesabu pesa na hakuna mtu atajua. Usingoje siku ya hasira, fanya ukiwa mzuri ndio mwili uizoee, siku ya uji uikute iko karibu.

Kwa mabega kuna ile ya kukaza na kulegeza, ilianzishwa na daktari Mmarekani akiitwa Edmund Jacobson, alichapisha kitabu juu yake 1929. Inua mabega hadi karibu na masikio, kaza kabisa hesabu tano, achilia yaanguke. Ngumi vivyo hivyo, uso vivyo hivyo, miguu. Ukiwa kitandani ukimnyonyesha mdogo unaweza.

Sasa chai. Najua sisi watu wa huku bila chai siku haianzi, lakini kafeini nusu yake bado iko mwilini kama saa tano baadaye, kwa hivyo ile ya saa mbili usiku unaikuta saa saba bado iko. Na usinywe chai pamoja na chakula, inazuia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwa mboga na maharagwe. Ngoja saa moja. Kwa mboga kamulia ndimu, hiyo inasaidia madini yaingie.

Ndio nafika kwa jambo kubwa, na hapa ninakuomba kama dada. Nenda upimwe damu. Umezaa watatu, unanyonyesha, unalala vipande vipande. Damu ikiwa chini mtu anachoka, anakuwa mkali, kichwa kinauma, na kila mtu anamwambia ni stresi. Mwanamke asiye mjamzito hemoglobini yake, yaani kile kipimo cha wingi wa damu, inafaa iwe 12 kwenda juu. Ni kipimo cha kidole tu.

Na pia kuna huzuni ya baada ya kujifungua, haiko kwa wiki za kwanza tu vile watu hufikiri. Shirika la Afya Duniani linasema kwa nchi zetu karibu wamama 20 kwa kila 100 waliojifungua wanapata ugonjwa wa akili wa aina fulani, na mwingi ni huo wa huzuni. Ukiona hufurahii kitu chochote wiki mbili mfululizo, ama unahisi watoto wangekuwa heri bila wewe, hapo si mambo ya beseni tena, njoo hospitali hiyo siku. Usiku ukiwa peke yako piga 1199, ni ya Msalaba Mwekundu Kenya, ni bure, unaongea na mshauri. Sisemi uko hapo, nasema uijue, na wengine wanaosoma kimya kimya waijue.

BabaNyumba58

Naomba niingie kama mwanaume, nyinyi wamama mniwie radhi. Niko Nakuru, Section 58, nimeendesha trela miaka tisa kabla nirudi kufanya kazi ya karibu.

Mama, umesema "nyumba ni mimi" na hakuna mtu amekuuliza kama mzee wako anajua hivyo. Kwa sababu mimi sikujua. Nilikuwa natuma pesa kwa M-Pesa najiona nimemaliza kazi ya baba. Unakaa kwa foleni ya Malaba masaa na masaa, umelala kwa kebini, umecheza drafti na wenzako, na kule nyumbani mtu anatafuta vifuniko vya chupa saa nne usiku. Siku bibi yangu alinieleza hakuninunia wala hakunipigia kelele, aliniandikia tu kila kitu amefanya hiyo siku, saa kwa saa, akanitumia. Nilisoma nikiwa kwa foleni. Nilisoma mara mbili. Niliona aibu.

Yule wako anaweza kufanya mambo akiwa barabarani akishaegesha gari. Apige simu saa moja jioni, mtoto wa Gredi ya 2 amsomee kitabu kwa simu, hiyo ni dakika 20 uko huru. Ile grupu ya wazazi ya shule kwa WhatsApp aingie yeye, wewe utoke kabisa, maneno ya mradi na michango yamfikie yeye na yeye ndiye afikirie hayo maboksi ananunua wapi, huko barabarani si maboksi yamejaa! Na akiwa nyumbani yunifomu za wiki ni zake. Mimi hufua Jumamosi asubuhi kwa karai, hapo nje kwa kamba, majirani walicheka mwezi mmoja wakazoea.

Usimwambie akiwa ameingia tu na uchovu wa safari. Mwache ale alale, kesho yake muongee.

Kukhu_Chwele

Mwanangu nimesomewa haya na mjukuu na yeye ndiye ananiandikia. Pole kwa kazi.

Mimi nimelea tisa hapa Bungoma. Kazi ilikuwa mingi kuliko yako, maji mtoni, kuni, shamba, lakini sikuwa peke yangu, na hapo ndipo naona shida ya nyinyi wa mjini. Nikipika, mke mwenza wa shemeji yangu anabeba mtoto. Nikienda shamba tuko watano, tunalima tukiimba, mtu anasema vile bwanake amemuudhi wote wanacheka, jioni hakuna kitu kimebaki kwa roho. Wewe unalia peke yako kwa nyumba ya mawe. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mtu wa kando haoni uzito wako kama hujamwita ashike upande mmoja.

Tafuta wamama wawili hapo kwa ploti. Leo mmoja anapika sufuria kubwa ya githeri ya nyumba tatu, kesho mwingine. Utapika mara mbili au tatu kwa wiki. Na huyo msichana wa Gredi ya 5 ni mkubwa, aoshe vyombo, avalishe mdogo wake. Sisi tukiwa hivyo tulikuwa tunasonga ugali wa nyumba nzima.

nyar_dunga

Kukhu shikamoo, ya githeri nimeipenda nitaijaribu na jirani zangu. Ila hapo kwa msichana naomba niongeze kitu na si kwa ubaya. Mimi nilikuwa huyo msichana. Kuosha vyombo sawa, kila mtoto aoshe, hata huyo kijana, vikombe si vizito. Lakini mimi nilipewa mtoto mgongoni nikiwa na miaka tisa na nikawa mama kabla sijamaliza kuwa mtoto, na hasira nyingi nilizonazo zilianzia huko. Kazi apewe, lakini ulezi usimwangukie yeye.

Kukhu_Chwele

Umesema kweli mama. Sisi hatukuulizwa, na sikuwahi kufikiria hivyo. Kazi wagawane wote, kijana pia.

Sista_Ilesi

Hii ya kukhu ya kuongea na mtu nimekaa nikaifikiria. Kule Harare, Zimbabwe, tangu 2006 kuna daktari anaitwa Dixon Chibanda, alifundisha akina nyanya wa kawaida tu kukaa kwa benchi nje ya kliniki wakisikiliza watu. Benchi ya Urafiki, ndivyo inaitwa. Kwa Kishona huo ugonjwa wa mawazo wanauita kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Wakafanya utafiti, ukachapishwa 2016, waliokaa na hao nyanya walipona zaidi kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Kwa hivyo mtu akikuambia kuongea ni umbeya usimsikize.

haki_kazini_Ksm

Moja tu kutoka kwangu, nashughulika na mambo ya wafanyakazi hapa Kisumu. Mama, kwa maelezo yako yote sijaona siku ya mapumziko wala likizo. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mfanyakazi apate angalau siku moja ya kupumzika kwa kila siku saba, na akimaliza miezi 12 apewe likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mshahara kamili. Hiyo haki yako hata kama duka ni dogo. Omba kwa maandishi, kwa heshima, taja tarehe unazotaka, na ubaki na nakala. Chukua hata siku tano za kwanza wakati watoto wako shule, usichukue za wakati wamefunga, utapika tu siku nzima.

MamaWatatu_Lanet

Nimerudi. Ni siku kumi na mbili sasa. Nilisoma zote, zingine nilisomea kwa choo ya kazini nikilia na sioni haya kusema.

Kijana nilitaka kumwomba msamaha hiyo usiku niliyosoma ya nyar_dunga, alikuwa amelala nikangoja asubuhi. Nilimwambia mami alikosea kukupigia kelele, uji humwagika, hata wangu humwagika. Akaniuliza "hata wewe?" nikamwambia hata mimi. Akasema sawa. Halafu jioni akaniuliza tena, na kesho yake tena, nikajua lilikuwa limemkaa. Siku hizi anataka kujimiminia mwenyewe, anatia nusu kikombe, analeta mezani akitembea polepole ulimi umetoka.

Matatu nashukia stegi moja kabla. Siku ya kwanza niliona ni kupoteza wakati, siku ya tatu nikaona nimefika nyumbani shingo haiumi. Ile ya pumzi nafanya risiti ikitoka kwa mashine, mara kumi sijafikisha lakini sita nafika.

Mzee nilimwandikia saa kwa saa vile baba wa 58 alisema. Alinyamaza siku nzima, meseji imesomwa na hakuna jibu, nikajua nimeharibu. Usiku akapiga simu, hakuwa na maneno mengi, alisema tu mpe huyo mwalimu namba yangu. Sasa kila saa moja jioni kijana anamsomea akiwa amelala kwa kochi, simu iko kwa kifua, anasoma "si-ku mo-ja su-ngu-ra" na kule kwingine unasikia malori yakinguruma. Jana nilitia miguu kwa beseni wakiwa hapo. Maji yalipoa nikiwa bado nimekaa.

Kwa bosi niliandika barua. Amesema atanijibu mwisho wa mwezi, bado nangoja.

Na damu nilipima, sista. Ilikuwa 9.8. Nimepewa tembe za kuongeza damu za miezi mitatu, lakini zinanifungia choo na tumbo linauma, na choo chenyewe kimekuwa cheusi nikaogopa. Niache?

Sista_Ilesi

Usiache mama. Choo kuwa cheusi na hizo tembe ni kawaida, ni madini yanayobaki. Lakini kikiwa cheusi cha kunata kama lami na kinanuka vibaya, au unahisi kizunguzungu, hiyo rudi kliniki mara moja. Kwa kufunga choo ongeza maji, kula papai, maharagwe, na mrenda kama unaupata huko Nakuru. Tumbo likiuma meza pamoja na chakula kidogo, au ukiwa unaenda kulala, na umeze na maji au maji ya chungwa, si chai wala maziwa. Ikizidi rudi waliokupa uwaambie, wanaweza kukubadilishia aina ama kukupangia umeze siku moja uruke moja. Na uziweke juu kabisa kabatini zimefungwa, hizo tembe zinafanana na peremende na mtoto wa umri wa huyo mdogo akizimeza ni sumu kwake.

MamaWatatu_Lanet

Nimezitoa kwa meza sai hivi. Asante sista. Mrenda kuna mama anauza hapa stegi, nitapitia kesho nikitembea.